Sakafu ya Chumba cha Kufulia Isiyopitisha Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayejenga au kukarabati mahali pa kufulia: chumba chenye mashine, kibaraza cha ghorofani chenye karo, au ile stoo ya nyuma ya jiko inayobeba ndoo, mifagio na pampu ya maji. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue tailizi gani. Majibu mengi hapa yatakurudisha chini ya tailizi, kwa sababu huko ndiko sakafu inakoharibikia.

Ni sakafu gani isiyopitisha maji kabisa?

Kipande kimoja kimoja kinaweza kuwa hakipitishi maji. Tailizi ya poseleni, kwa viwango vya kimataifa, hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na ubao wa vinaili, yaani wa plastiki, haunyonyi kitu. Lakini sakafu nzima ina viungo, ina pembe inapokutana na ukuta, ina tundu la bomba na kizingiti cha mlango. Maji hupita hapo. Ndiyo maana kabla ya rangi na bei kuna mambo mawili ya kuamua: maji yakimwagika yataelekea wapi, na yale yatakayopenya kwenye viungo yatazuiwa na nini. Ukishayaamua hayo, aina nne au tano za sakafu zitakufaa, nawe utachagua kwa mfuko wako na kwa macho yako. Usipoyaamua, tailizi ya bei kubwa kuliko zote dukani itavuja.

Anayetaka jibu moja tu la kuondoka nalo, achukue hili: tailizi za poseleni zisizoteleza, za sentimita 30 kwa 30, zilizobandikwa kwa gundi juu ya sakafu ya simenti yenye mteremko na tabaka la kuzuia maji. Kwa nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hiyo ndiyo itakayodumu kuliko zote.

Mteremko uwe kiasi gani?

Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji. Chini ya hapo maji hutuama. Ukizidisha, mashine haikai sawa na mtu anayefua amesimama kutwa huumia mgongo na vifundo vya miguu.

Chukua chumba cha mita 1.8 kwa 2.4, mlango ukiwa upande mmoja mfupi na tundu upande wa pili. Kwa mteremko wa sentimita 1.5 kwa mita, sakafu itashuka sentimita 3.6 kutoka mlangoni hadi kwenye tundu. Kama simenti itakuwa na unene wa sentimita 3 pale penye tundu, mlangoni itafika sentimita 6.6. Nafasi hiyo lazima iwepo tangu jamvi, lile zege la chini ya sakafu, linapomwagwa, la sivyo chumba cha kufulia kitakuwa juu kuliko korido, na bomba likipasuka usiku maji yatatembea hadi sebuleni. Mwambie fundi mapema kwamba sakafu ya chumba hiki ikikamilika inatakiwa iwe chini ya korido kwa sentimita 2 au 3. Kama jamvi limeshamwagwa sawasawa nyumba nzima, jenga kizingiti cha sentimita 5 mlangoni.

Mteremko hutengenezwa kwenye sakafu ya simenti. Fundi akikuambia ataupata kwa kuongeza gundi chini ya tailizi, msimamishe. Gundi imetengenezwa kwa unene wa milimita chache. Ikijazwa sentimita mbili husinyaa inapokauka, na tailizi hubaki na uwazi chini. Kabla hata tailizi moja haijabandikwa, mwaga ndoo ya maji mlangoni utazame inavyokwenda. Penye kidimbwi pachongwe au pajazwe siku hiyo hiyo.

Tundu la maji nililiweke wapi, na kuna haja gani kama mashine ina bomba lake?

Liweke mbali na mlango, pembeni mwa mashine. Usiliweke chini ya mashine, maana litazibwa na nyuzi na nywele na hutaweza kulifikia bila kusogeza mzigo wa kilo 60 au 80.

Bomba la mashine na tundu la sakafuni ni vitu viwili tofauti. Mashine husukuma maji kwa pampu, kwa nguvu, na bomba lake linatakiwa kuingia kwenye bomba la wima lenye mdomo ulio juu kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Mdomo ukiwa chini zaidi, maji yanaweza kujivuta yenyewe na mashine ikawa inaingiza na kutoa wakati mmoja. Tundu la sakafuni ni kwa siku ya ajali: mpira umechomoka, mtu kasahau koki ya karo, au maji ya bomba yamerudi usiku baada ya mgao na kulikuwa na koki iliyoachwa wazi. Miji yetu inaijua sana hiyo ya mwisho, nami kwa sababu hiyo peke yake nisingejenga chumba cha kufulia bila tundu sakafuni.

Tundu liwe na mtego wa maji unaozuia harufu na mende kupanda kutoka kwenye chemba. Chumba kikikaa bila kutumika, maji ya mtego hukauka na harufu huanza. Mimina kopo moja la maji kila wiki.

Fundi anasema tailizi zenyewe zinazuia maji, hakuna haja ya kupaka kitu chini. Ni kweli?

Si kweli, na ghorofani uongo huu hugharimu dari ya jirani wa chini. Grauti ya simenti, ule uji unaojaza viungo kati ya tailizi, hunyonya maji. Maji yakishapita kwenye grauti hutembea chini ya tailizi hadi yapate ufa wa zege, na doa linaweza kutokea mbali kabisa na pale yalipoingilia.

Tabaka la kuzuia maji hupakwa juu ya sakafu ya simenti iliyokwisha kuwa na mteremko, kabla ya tailizi. Zipo aina kadhaa. Inayowafaa wengi ni ile ya unga wa simenti unaochanganywa na kimiminika chake, ikikauka inanyumbulika kidogo na gundi ya tailizi hushika vizuri juu yake. Ya lami ni imara dhidi ya maji, ila gundi haiipendi. Ukiitumia itabidi umwage sakafu nyembamba ya simenti juu yake ndipo ubandike. Utaratibu ni huu: sakafu isafishwe hadi vumbi liishe, pembe ya sakafu na ukuta izibwe kwa simenti iwe mviringo badala ya kona kali, kitambaa cha wavu kilazwe kwenye pembe na kuzunguka tundu, kisha ipakwe mikono miwili ya mchanganyiko huo, wa pili ukikatiza ule wa kwanza. Ipande ukutani angalau sentimita 15, na nyuma ya karo ipande zaidi. Iingie pia ndani ya mdomo wa tundu. Mafundi wengi huishia ukingoni, na hapo hapo ndipo panapovuja.

Kisha jaribu. Ziba tundu, jaza maji ya sentimita 2 au 3, weka alama ya kalamu ukutani, acha saa 24. Maji yakiwa yameshuka kuliko yanavyoweza kukaushwa na hewa, au dari ya chini ikionyesha unyevu, rudia kupaka. Jaribio hili ni la bure. Fundi asiyelitaka usimlipe fedha ya mwisho.

Je, ile dawa ya kuchanganya kwenye simenti haitoshi?

Inapunguza upenyo ndani ya zege au lipu, na ni vizuri kuwa nayo. Lakini zege likipasuka ufa mdogo, dawa haizibi ufa. Usiifanye mbadala wa tabaka la kupaka ghorofani.

Nyumba yangu ni ya chini, haina mtu chini yake. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu ya maji yanayopanda. Sehemu za Dar es Salaam kama Mikocheni na Msasani maji ya ardhini yako karibu, na zege hunyonya unyevu na kuupandisha juu. Kama chini ya jamvi hakukutandikwa nailoni nzito, ile ya geji 1000, unyevu utafika kwenye sakafu mwaka mzima. Utauona kama unga mweupe wa chumvi kwenye viungo, rangi ya ukuta inayobanduka karibu na sakafu, au vinaili inayoinuka. Mchanga wa baharini ukitumika kwenye simenti hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chumvi imekuja nao.

Pima kabla ya kununua. Chukua kipande cha nailoni inayoona cha nusu mita kila upande, kibandike kingo zote nne kwa utepe juu ya sakafu tupu, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini au simenti imekuwa nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Hapo tailizi au terazo zitavumilia. Vinaili na epoksi, ile plastiki ya kumwaga inayogandia sakafuni, zitabanduka.

Nitatofautishaje tailizi ya poseleni na ya kauri ya kawaida dukani?

Geuza nyuma, dondoshea maji. Ya kauri ya kawaida huyanywa ukiyaangalia, na mgongo wake hubadilika rangi. Poseleni huyaacha yakae juu. Kipande kilichovunjika kinasema zaidi: poseleni ina mwili mzito ulioshikamana, kauri ina mwili wenye vitundu, mara nyingi wa rangi ya udongo.

Kisha soma boksi. Tafuta kiwango cha kunyonya maji, namba ya kuteleza inayoanza na R, na ile ya PEI inayoeleza uso utavumilia kusuguliwa kiasi gani. Kwa nyumba, PEI 3 inatosha. Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya rangi na ya kipimo, kwa sababu tailizi za jina moja zilizochomwa siku tofauti hutofautiana kidogo na utaliona hilo zikishabandikwa. Tailizi za ukutani, hata zikiwa nzuri namna gani, zisiwekwe sakafuni: ni laini na hunywa maji sana.

Hakuna haja ya kutafuta za nje. Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani kuna viwanda vya tailizi, na Kenya wapo Kajiado na Athi River. Faida kubwa ya kununua za karibu ni kwamba ukivunja mbili mwakani unaweza kupata zinazofanana.

Kuhusu idadi: kile chumba cha mita 1.8 kwa 2.4 kina mita za mraba 4.32. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata na kuvunjika, inakuwa 4.75. Tailizi ya 30 kwa 30 ni mita ya mraba 0.09, hivyo utahitaji 53. Bakiza angalau tano stoo baada ya kazi.

R9, R10, R11 maana yake nini?

Ni vipimo vya kuteleza vya Ujerumani, vinavyopatikana kwa mtu kutembea kwenye tailizi zilizopakwa mafuta huku zikiinuliwa mteremko. R9 ndiyo inayoteleza zaidi na R13 ndiyo inayoshika zaidi. Mahali pa kufulia pana maji pamoja na sabuni, na sabuni ndiyo mbaya. Chukua R10 au R11. R12 kwenda juu uso wake ni mkwaruzo mno, hukamata uchafu na nyuzi za nguo, na anayedeki atachoka.

Boksi likiwa halina namba, omba kipande kimoja, kimwagie maji yenye sabuni ya unga na uvue kiatu. Unyayo wako utakuambia. Nyumba yenye wazee au mama mjamzito isiwekwe tailizi zinazong'aa katika chumba hiki hata kama zimebaki za sebuleni na zingeokoa fedha. Mtu anayeanguka akiwa na beseni la nguo mikononi hawezi kujishika.

Kwa nini mnasema 30 kwa 30? Siku hizi kila mtu anaweka 60 kwa 60.

Sebuleni, sawa. Hapa sakafu inateremka, tena pengine kutoka pande nne kuelekea tundu moja, na tailizi kubwa haipindi. Ili ifuate mteremko huo lazima ikatwe kwa mshazari kutoka pembe za chumba hadi kwenye tundu, kazi ambayo mafundi wachache huifanya vizuri. Tailizi ndogo zinafuata mteremko zenyewe, na viungo vyake vingi husaidia mguu kushika.

Ukipenda kubwa kwa sababu zina viungo vichache vya kusugua, tumia tundu refu la mfereji upande mmoja wa chumba. Hapo sakafu yote inateremka upande mmoja tu na 60 kwa 60 zinalala vizuri.

Tailizi zangu zikigongwa zinatoa sauti ya uwazi. Tatizo?

Ndiyo. Fundi aliweka madonge ya simenti, moja kila pembe na moja katikati, kisha akagonga kwa nyundo ya mpira. Kati ya madonge kuna hewa, na maji yakiingia yatakaa humo yakinuka. Ukiweka mashine juu yake, mtetemo wa kukamua utaipasua. Gundi inatakiwa ipakwe sakafu nzima kwa mwiko wa meno. Tena poseleni isibandikwe kwa uji wa simenti mtupu: haunyonywi, kwa hiyo haushiki. Inahitaji gundi ya tailizi iliyoandikwa kuwa ni ya poseleni. Kwa tailizi zilizokwisha kuwekwa, zile zinazolia chini ya mashine na karibu na tundu zing'olewe zibandikwe upya. Zilizo pembeni zinaweza kusubiri.

Grauti imekuwa nyeusi na kuna mahali imeisha kabisa. Nifanye nini?

Uliza kwanza kama ni grauti. Mara nyingi ni simenti nyeupe, ambayo hupasuka na kunywa uchafu. Sababu ya pili ni ile asidi kali wanayoimwaga mafundi kusafisha madoa ya simenti baada ya kazi, na wenye nyumba wengine huendelea kuitumia kila mwezi. Asidi hula simenti. Tailizi hubaki safi na viungo vinayeyuka, maji yanapata njia.

Kwangua viungo hadi theluthi mbili ya kina chake, fagia, osha, acha vikauke kabisa, kisha jaza grauti mpya. Kwa chumba cha kufulia ningelipa zaidi kwa grauti ya epoksi angalau mita moja kuzunguka mashine na karo: hainywi maji wala haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arishia nguo. Ni ngumu kuipaka, inakauka haraka, na mabaki yake yasipofutwa palepale hayatoki. Tafuta fundi aliyewahi kuitumia, akuonyeshe kazi yake.

Pembe ya sakafu na ukuta isijazwe grauti hata kidogo. Ukuta na sakafu hutembea tofauti kwa joto, na grauti ya hapo hupasuka kila mara. Weka silikoni inayostahimili ukungu.

Terazo inafaa?

Inafaa sana, na Kenya ndiyo sakafu ya maghorofa mengi. Chembe za mawe ya marumaru huchanganywa na simenti, zikamwagwa kwa unene wa takriban sentimita 1.5 hadi 2 juu ya sakafu ya simenti, zikagawanywa kwa vipande vyembamba vya plastiki au shaba, kisha zikasagwa kwa mashine yenye mawe kutoka makali hadi laini. Matokeo yake ni sakafu isiyo na viungo vya kila sentimita 30, inayoweza kuteremka vizuri kuelekea kwenye tundu na kupanda ukutani kwa mviringo mahali pa sketi, ule ukingo wa chini ya ukuta. Kwa mtazamo wangu huo mviringo ndio uzuri wake mkubwa hapa: hakuna kona ya kukusanya uchafu na hakuna kiungo cha kuvuja.

Tahadhari ni tatu. Marumaru na simenti huliwa na asidi, kwa hiyo ndimu, siki na ile dawa kali ya chooni visiguse. Ina vitundu vidogo, hivyo ipakwe dawa ya kuziba na kurudiwa inapoanza kufifia. Na ising'arishwe hadi iwe kioo. Mwambie fundi asimamie kwenye jiwe la kati. Jambo jingine ambalo husahauliwa: uji unaotoka wakati wa kusaga usimiminwe kwenye tundu la sakafuni, kwani utaganda ndani ya bomba.

Fedha ni kidogo. Sakafu ya niru, ile simenti laini ya kusugulia juu, peke yake itazuia maji?

Ikipigwa vizuri, ndiyo, kwa nyumba ya chini, na hakuna sababu ya kuionea aibu. Siri iko kwenye mchanganyiko na kumwagilia. Simenti moja kwa mchanga mitatu, mchanga safi usio na udongo wala chumvi, unene wa sentimita 4 kwenda juu. Ikiwa bado mbichi, niru ipakwe na isuguliwe kwa mwiko wa chuma hadi ifunge. Kisha imwagiliwe na kufunikwa kwa siku 7. Sakafu inayoachwa ikaukie jua la mchana hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, na zote ni njia za maji.

Karibu na karo niru isiwe laini sana. Fundi akimaliza kulainisha, apitishe ufagio mara moja kuelekea kwenye tundu ili iwe na mikwaruzo midogo. Rangi ya mafuta ya sakafu huivutia macho ila mahali panapomwagika maji kila siku hubanduka. Ukitaka rangi, changanya rangi ya unga ndani ya niru yenyewe, nyekundu au kijani.

Dukani wananiambia vinaili ya mbao za kubana haipitishi maji asilimia mia. Niichukue?

Ubao haupitishi, ni kweli. Zile zinazoandikwa SPC zimetengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa na plastiki, hazivimbi hata ukizilaza kwenye maji. Ila sakafu hiyo haishikani na zege. Inaelea juu yake. Maji mengi yakimwagika hupita pembeni na kwenye viungo, yakakaa chini, na wewe hujui hadi harufu ianze. Pia inahitaji sakafu iliyonyooka, tofauti isizidi takriban milimita 3 katika mita 2, na sakafu iliyonyooka haina mteremko. Unaona mgongano ulipo.

Kwa hiyo ninaikubali kwa chumba kikavu: mahali pa kupigia pasi, stoo ya vyakula, au mashine kwenye kona ya jiko la ghorofani ambako sakafu haina tundu na mwenye nyumba hataki kuvunja. Isipigwe na jua la moja kwa moja, maana hutanuka na kuinuka. Kwa mahali pa kufulia kwa mikono, hapana.

Na laminati?

Hapana. Moyo wake ni unga wa mbao uliogandishwa. Ukilowa huvimba na haurudi.

Kapeti la plastiki la kukata kwa mita?

Likitandikwa bila gundi linafunika unyevu na kuuficha. Litumie kwa muda tu, na uliinue kila wiki ukaushe chini. Lile zito la hospitalini, linalobandikwa na viungo vyake kuunganishwa kwa joto, ni kitu kingine na linafaa. Upatikanaji wa fundi wake ndio ugumu.

Epoksi ya kumwaga je?

Ni sakafu nzuri kwa stoo ya pampu au mahali penye mafuta: haina kiungo hata kimoja. Inataka zege lenye umri wa angalau siku 28 na kavu kweli, lililosuguliwa kwa mashine. Simenti ya kuwekea mteremko hukauka taratibu, kama siku moja kwa kila milimita ya unene, hivyo sentimita 4 ni siku 40. Wengi hawasubiri, na baada ya miezi epoksi inainuka malengelenge. Nyunyiza mchanga laini kwenye mkono wa kwanza ili isiteleze. Kwenye kibaraza cha wazi itageuka njano kwa jua.

Nina nyumba ya kale Mji Mkongwe. Naweza kuweka mashine ghorofani?

Uwe mwangalifu kuliko wengine wote. Ghorofa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na za Lamu, zimebebwa na boriti za mikoko zenye urefu wa karibu mita 3, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu hiyo inapumua. Maji yakiingia boriti huoza kwenye ncha zake ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Simenti nzito na tailizi juu yake huongeza mzigo na kufungia unyevu ndani. Peleka mashine chini, uani. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na kwa Zanzibar mabadiliko ya majengo haya hupitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Waone kabla ya kugusa sakafu.

Stoo hiyo hiyo naweka mtungi wa gesi. Kuna shida?

Kubwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni na kuteremka kwenye tundu ulilolitengeneza kwa ajili ya maji, ikajikusanya kwenye bomba na chemba. Mashine na pampu zina cheche. Mtungi ukae nje au mahali penye upepo, mbali na tundu lolote la sakafuni.

Mimi ni mpangaji, siwezi kuvunja sakafu.

Nunua trei pana ya plastiki ikae chini ya mashine, ziba pembe za ukuta kwa silikoni, na funga koki ya mashine kila unapomaliza kufua. Mpira wa kuingizia maji ukionyesha uvimbe au nyufa, ubadilishe bila kungoja.

Mashine inatembea na kugonga sakafu wakati wa kukamua.

Angalia bolti za usafirishaji nyuma yake. Lazima zitolewe kabla ya matumizi, na wengi hawaambiwi. Kisha weka pimamaji juu ya mashine na ukaze miguu yake hadi ikae sawa. Kwenye sakafu yenye mteremko, jenga jukwaa dogo la zege lililonyooka juu, sentimita 10 kutoka sakafuni, upana kuzidi mashine kidogo kila upande. Maji yatapita pembeni na miguu haitakaa kwenye unyevu.

Kazi imekwisha leo. Mashine iingie lini?

Grauti hupakwa saa 24 baada ya tailizi kubandikwa. Kutembea juu yake, saa 24 nyingine. Maji na mashine, ngoja siku 7, na silikoni iwe imekauka kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake. Niru ni siku 7 za kumwagilia na nyingine kadhaa kabla ya mzigo mzito. Ukiingiza mashine, isukume juu ya kipande cha mbao au boksi lililokunjuliwa, usiiburute, na ufuaji wa kwanza uendeshe bila nguo huku umesimama hapo na tochi, ukiangalia viungo vya mabomba na mdomo wa tundu.